Mama Mkao na Mkeka Wake wa Kwanza

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mama Mkao anaweka koleo chini. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa fundi wa vifaa hapa kwenye kituo chetu cha kupokea simu za wateja. Nimeombwa mimi nimwandikie kwa sababu, eti, nimekaa naye muda mrefu. Wangejua nilivyokaa!

Alianza kazi enzi za simu za waya uliojiviringisha. Kilichokufa alikifufua: simu, feni, hata birika la chai lililokuwa limeshatupwa mara mbili. Ukiazima bisibisi kwake, unamwachia kiatu kimoja mpaka uirudishe. Ndiyo maana kuna siku tulimwona meneja anachechemea koridoni.

Lakini jina la Mama Mkao limetokana na mkeka. Mdogo wake, aliyekuwa akipokea simu pamoja nasi, aliumwa mgongo mpaka daktari akamzuia kufanya kazi ya kukaa. Mama Mkao akatuangalia tulivyojikunja kwenye viti kama kamba, akasema, "Nyie wote mnamfuata huyo." Akachukua zile sponji nyeusi zinazokuja na vipuri kwenye maboksi, akazikata vipande vipande, akazishonea katikati ya vitambaa viwili vyenye nyuzi za shaba. Sponji ile ikibonyezwa inapitisha umeme zaidi, kwa hiyo mkeka unajua uzito wako umelalia upande gani. Ukikaa sawa, taa ndogo aliyoiunganisha nao mezani ni ya kijani. Ukijipinda, inakuwa nyekundu.

Wa kuujaribu nikachaguliwa mimi, maana nilikuwa bingwa wa kujipinda. Siku ya kwanza ile taa ilinisuta kutwa nzima, na wenzangu wakaanza kuniita Taa Nyekundu. Kesho yake nikaweka dumu la maji kwenye kiti, nikalivika koti langu, nikavuta stuli pembeni nikajikunja zangu. Kijani tupu, asubuhi mpaka jioni, siku zote zilizobaki za wiki.

Matokeo yalipofika kikaoni, wakubwa walicheka. Kumbukumbu za mkeka zilionyesha kwamba tangu siku ya pili nimekaa wima bila kutikisika, hata saa ya chakula. Wakasema ni mbovu, wakampa Mama Mkao wiki mbili aurekebishe, la sivyo aachane nao arudi kwenye simu zake. Nilikuwemo humo kikaoni. Nikatazama viatu vyangu.

Mama Mkao akaufumua uzi kwa uzi, akitafuta ubovu ambao haukuwepo. Vidole vyake vilijaa plasta. Akaurudisha kitini kwangu niujaribu tena, nami nikalirudisha dumu. Ndipo asubuhi moja akapita mezani kwangu, akalikuta dumu limekaa. Akaiweka sawa kola ya koti, akasema, "Mdogo wangu, dumu limekushinda adabu ya kukaa." Akaondoka. Hakumwambia mtu.

Akaushona upya na kuongeza kitu kimoja tu: uzito usiotikisika si mtu, taa izime. Kikaoni akasema umeshapona, basi. Leo kila kiti hapa kina mkeka wake. Mdogo wake amerudi kazini, anakaa kile kiti cha dirishani. Na ikikaribia saa saba taa zote zinawaka nyekundu, maana wote tuko kwenye mkao wa kula.

Ila mpaka leo, watu wakisimulia habari za mikeka, wanasema ule wa kwanza ulikuwa mbovu, fundi alikosea. Naye huwaacha waseme. Nikiwepo, ananitupia jicho moja, anaendelea na chai yake. Sasa naandika mbele ya wote, kabla hajatoka getini: mkeka wa kwanza ulikuwa mzima. Mbovu nilikuwa mimi. Nisamehe, dada.

Asante kwa ajili ya migongo yetu yote. Tunakuombea maisha marefu yenye raha. Nenda ukakae unavyotaka, kitandani, barazani, upande upande. Hata ukijikunja kama kamba, hakuna taa itakayokusuta.