Injini Ilikuwa Yunta, Gari Lilikuwa Jamestown: Maisha ya Murray Ewart Pengilly

Murray Ewart Pengilly alizaliwa tarehe 11 Machi 1942 mjini Orroroo, Australia Kusini, mtoto wa kwanza wa Athol na Ida Pengilly. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakukaa chini tena. Miaka minne baadaye alizaliwa dada yake, Glenys. Huyo Glenys ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayeyasoma, na anaomba avumiliwe, maana hajazoea kumsema kaka yake vizuri mbele za watu.

Alisoma hapa hapa Orroroo hadi mwisho wa mwaka 1956. Ripoti zake zote zilisema anachungulia sana dirishani. Alichokuwa akichungulia mwaka ule wa mwisho ni gari. Oktoba 1955 baba yao alirudi kutoka Port Pirie na Holden FJ mpya, ya kijivu, na mtaa mzima ukatoka nje kulitazama. Athol Pengilly hakuwa mtu wa maneno wala wa kukumbatia watoto. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa aliwapakia wote, Ida na Murray mbele pamoja naye, Glenys peke yake nyuma, akawaendesha hadi barabara ilipoishia, akageuza, akarudi. Hivyo ndivyo alivyowapenda, na wote walielewa.

Februari 1962 Athol alianguka kutoka juu ya magunia ya ngano akaumia mgongo. Alilazwa Adelaide miezi mitano, na daktari mmoja akasema hatashika usukani tena. Murray alikuwa na miaka ishirini na alitaka pikipiki. Mwezi wa Mei alipita mkata manyoya ya kondoo mmoja aliyeitwa Snow, jina lake halisi hakuna aliyelijua, na Murray akamwuzia gari la baba yake bila kumwuliza mtu yeyote. Mama yake alikuwa hospitali na mumewe. Dada yake alikuwa shuleni. Aliporudi saa tisa alasiri alikuta banda tupu na doa la oili sakafuni.

Baba alirudi Julai kwa treni, akitembea kwa fimbo lakini akitembea. Kabla hata ya kuingia ndani alikwenda bandani, akasimama pale mlangoni akalitazama lile doa. Murray alikuwa nyuma yake.

"Mzee, walisema hutaweza tena kuendesha..."

"Funga mlango," baba akasema. "Upepo."

Hakusema neno jingine juu ya gari lile hadi alipofariki mwaka 1969. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda kufungua banda, akasimama, akafunga. Murray alimwona, na Glenys aliwaona wote wawili. Glenys aliacha kuongea na kaka yake mwaka ule wa 1962, naye Murray akaanza kulitafuta gari.

Kuanzia mwaka 1964 hadi 2005 aliendesha lori la kondoo, kazi iliyomfaa mtu asiyetulia. Hakuna banda wala lundo la vyuma chakavu kati ya hapa na Broken Hill ambalo hakulichungulia. Karatasi ya usajili wa gari aliyobaki nayo ilikuwa na namba moja tu ya kumsaidia, namba ya injini. Ile ya kibao Snow aliibadili mara tu alipovuka mpaka wa jimbo. Basi Murray aliikariri ya injini kama wengine wanavyokariri sala. Akiona Holden FJ popote, anasimamisha lori, kondoo wanalia nyuma, yeye anaomba kufungua boneti. Namba siyo? Asante sana bwana, anaandika kwenye daftari, anaondoka. Mungu amrehemu, aliacha madaftari kumi na moja.

Tarehe 8 Aprili 1967 alifunga ndoa na Coralie Hentschke, mwanamke mwenye subira ya ajabu. Siku ya harusi mjomba wa bibi harusi alikuja na FJ. Watu walipokwenda kumtafuta bwana harusi walimkuta nyuma ya kanisa, koti limetundikwa kwenye kioo cha pembeni, kichwa ndani ya boneti. Coralie akaja na shela lake.

"Ndilo lenyewe?" akauliza.

"Siyo."

"Basi nawa mikono tukaoane."

Walijaliwa watoto wawili, Kerrin na Brett. Kila Krismasi familia ilikaa meza moja, kondoo wa kuoka katikati, na dada wa marehemu alimwambia wifi yake, "Coralie, mwambie kaka yangu alete chumvi." Na marehemu akaileta. Watoto walidhani kila nyumba iko hivyo.

Septemba 1998 alipeleka kondoo kwenye shamba moja karibu na Yunta. Akisubiri chai alisikia pampu ya kisima ikinguruma, akaujua mlio huo. Akaenda. Ilikuwa injini ya Holden, imefungwa kwenye fremu ya vyuma, inavuta maji ya mifugo. Akaifuta kwa shati lake. Namba ilikuwa ile ile.

"Hiyo?" mwenye shamba, Reg Luckcraft, alimwambia. "Ilikuwa ya mkata manyoya mmoja. Alitaka yenye nguvu zaidi, nikambadilishia, akaniongezea katoni ya bia. Miaka ya sitini hiyo, sitini na tatu sijui. Mbona umekaa chini, bwana?"

Alikaa chini kwa sababu alikuwa mtu wa huku, na sisi wa huku tunabadili injini kama tunavyobadili shati. Alilijua hilo tangu utotoni na halikuwahi kumjia akilini. Miaka thelathini na mitano alikuwa akifunga boneti na kusema asante bwana, na huenda moja ya yale magari lilikuwa lenyewe. Alirudi nyumbani akamwambia Coralie, "Nimelishika kwa mkono huu na nimeliacha." Baada ya hapo hali ikawa mbaya zaidi. Alianza upya kutoka daftari la kwanza, na sasa hakuwa na namba ya kutafuta. Alikaa kwenye viti vya mbele vya magari ya watu akashika usukani, akavuta harufu, akashuka.

Hapa dada yake ana jambo la kusema, na asiposema leo hatalisema tena. Yeye alijua. Akiwa na miaka kumi, katika zile safari za Jumapili, aliinua mto wa kiti cha nyuma na kwa kibanio cha nywele akachora kwenye bati jina lake na la paka wake, Tuppence. Murray alikaa mbele siku zote, hakuona. Habari za pampu ya Yunta zilimfikia dada yake wiki ile ile, akanyamaza. Alikuwa na hasira, na kusema kweli aliifurahia.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuugua mapafu. Coralie alikuwa ameshatutangulia mwaka 2019. Juni mwaka huu, 2024, hospitali ilimrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni, na dada yake akampelekea supu, kwa sababu hata mtu mwenye hasira hupika. Akamkuta na madaftari yote kitandani.

"Glen," akasema. "Wewe ndiye uliyekaa nyuma. Hakuna alama yoyote unayoikumbuka? Mkwaruzo, chochote?"

"Kuna jina langu. Chini ya mto wa kiti. Langu na la paka."

"Tangu lini?"

"Tangu hamsini na sita."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje, mwanamke wewe, ulikuwa huniongeleshi!"

Akacheka mpaka kile kifuniko cha hewa kikamtoka puani. Kisha akalia. Dada yake naye akalia, na supu ikapoa.

Wiki nane dada yake, mwenye miaka sabini na minane na magoti mabovu, alizunguka na Kerrin na yale madaftari, wakiinua viti vya magari ya watu. "Mama, unatafuta panya?" wakamwuliza kule Hawker. Tarehe 14 Agosti walifika kwa mama Elva Noske, shamba la nje ya Jamestown. Gari lilikuwa kwenye banda la nyasi kavu, kuku juu yake.

"Ah, wa yule anayenusa viti?" mama Elva alisema. "Amekuja hapa mara mbili. Sabini na nne, na tena elfu mbili na moja. Alikaa humo mbele kama nusu saa."

Kerrin akainua mto. Dada yake akampigia marehemu simu pale pale.

"Limeandikwa, Murray."

"Limeandikwaje?"

"Kwa mwandiko mbaya."

"Basi ndilo."

Mama Elva alilitoa bila masharti, akasema tu tumwachie kuku. Mvua ikanyesha siku nne. Asubuhi ya tarehe 19 Agosti marehemu alikuwa hapumui vizuri, na kila mara aliuliza lori la kuvuta gari limefika wapi. Mara ya mwisho alimshika dada yake mkono.

"Limefika, Glen?"

"Limefika. Liko bandani, mahali pake."

"Fungeni mlango, basi," akasema. "Upepo."

Akafumba macho, na saa nne na dakika kumi akafariki, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Halikuwa limefika. Lilikuwa bado kwenye tope la Jamestown. Dada yake alimdanganya, na kati ya yote aliyomfanyia kaka yake, hilo peke yake halijutii.

Ameacha binti, Kerrin, na mwana, Brett, wajukuu watano, dada mmoja, na Holden moja ya kijivu, ambayo mmeiona pale langoni mlipokuwa mkiingia. Tukitoka makaburini, kabla ya chai ukumbini, Brett, aliyehangaika nayo hadi ikawaka, ataiendesha hadi barabara inapoishia na kurudi. Dada yake atakaa nyuma. Nafasi ya Murray pale mbele itakuwa wazi.

Apate sasa utulivu ambao hakuupata akiwa nasi. Gari tutalirudisha bandani, Murray, na mlango tutaufunga.