Mguu wa Kushoto Hauna Kazi

Paji langu la uso ndilo lililopiga honi. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, Tandika, mbele ya benchi la kahawa la Fakihi, mwaka ule mafuta yalipoadimika hata ikawa marufuku kutembeza gari Jumapili baada ya saa nane. Nilikuwa nyuma ya usukani wa kigari cha krimu cha Felicitas, nakitoa uani kwake kwa madaha yote ya mtu aliyefika Lusaka mara kumi na tisa. Kijiweni waliniita Lusaka, nami sikuwahi kulikataa jina. Nilipoliona benchi, nikajiambia: hapa Lusaka, tia gia ya pili, watu waone. Mguu wa kushoto ukaruka juu, ukashuka kwa nguvu zote juu ya klachi. Sasa ndugu zangu, gari lile halikuwa na klachi. Mahali pa klachi palikuwa na breki, pana kama kigoda. Gari likasimama kama limekumbuka kitu nyumbani. Mie nikaendelea na safari mpaka kwenye honi, na benchini wazee watatu wakajimwagia kahawa.

— Kaka Lusaka, umeumia? akaniuliza Felicitas, aliyekaa kiti cha kushoto.

— Nimeumia heshima tu, dada.

— Hiyo itapona. Ngoja nilete makaratasi na kile kibao cha L. Majaribio ya udereva ni saa nane kamili, na bila mwenye leseni ubavuni hawanipokei. Usiende mbali.

Akashuka, akaelekea ndani, kiatu chake cha chuma kikigonga kizingiti. Felicitas alikuwa mpiga chapa ofisi moja ya mjini. Polio ilimpitia mguu wa kushoto angali mtoto. Wiki mbili nyuma alidondoka ngazini mwa basi, akafika kazini saa nne, na bosi akamwambia akichelewa tena abaki hukohuko Tandika. Ndipo akalinunua gari la daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Alilipata kwa bei ya bure, maana kila mwanamume aliyekuja kulitazama aliinamia miguuni mwa dereva, akahesabu pedali mbili, akaaga.

Wa kwanza kuja kuinamia siku hiyo ni Polikarpo, fundi baiskeli, tuliyemwita Injinia.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, kichwa kikiwa ndani ya gari na makalio kwa wananchi. Mh! Kweli haipo. Lusaka, wamekuibia klachi!

— Haikuibwa. Gari hili hubadili gia lenyewe.

— Lenyewe? Nani kaliruhusu?

— Limeundwa hivyo.

— Basi limeundwa vibaya. Mie nimefungua baiskeli elfu moja, sijaona hata moja inayoamua. Kitu kikishajiamulia gia, kesho kitajiamulia njia. Huyu dada ataamka aende kazini, gari linataka Kigamboni. Atafanyaje?

— Atapunga upepo, akasema Fakihi, akijaza upya vikombe vya waliojimwagia.

Shomari, tuliyemwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki, naye akasogea na kikombe chake, akachungulia herufi za kwenye gia.

— Nyie hamjui kusoma alama za nyakati. Oneni hapa: P, R, N, D, L. Hii ni orodha ya vituo. D ni Dar. L ni Lindi. R ni Rufiji. N ni Nachingwea.

— Na P? akauliza Injinia.

— Pemba.

— Redio, Pemba ni kisiwa!

— Sasa ndiyo mjue hatari ya gari hili! Mkono ukiteleza kidogo tu, umo baharini na kanga zako. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyo hata kurejea hatarejea.

— Redio, nikasema, mie hizo herufi nimeziona Lusaka. Ni za kwenda na kurudi nyuma na kuegesha.

— Ulipoziona Lusaka, ulifanya hivi? Akajipiga paji la uso kwa kiganja. Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, maana mcheka kilema hafi bila kumfika, na mie kilikuwa kishanifika.

Hapo Didas akakohoa. Huyu ndiye tuliyemwita Mwenyekiti. Hakuwahi kuchaguliwa mwenyekiti wa kitu chochote, lakini alikohoa kama aliyechaguliwa.

— Ndugu wananchi, akaanza, mnajadili vyuma wakati suala ni siasa. Nitauliza. Katika gari la kawaida, mguu wa kulia unafanya kazi gani?

— Mafuta na breki, akajibu Injinia.

— Na wa kushoto?

— Klachi.

— Sawasawa. Kila mguu na jukumu lake. Sasa katika hiki kigari, wa kulia unakanyaga mafuta, wa kulia huohuo unakanyaga breki. Wa kushoto je? Umekaa! Umenyooka! Unapelekwa mjini bila kutoa jasho! Huo mguu, ndugu zangu, ni nini?

— Ni mnyonyaji! akapiga kelele Redio.

— Ni kupe! Mabeberu wametutengenezea gari la kuuzoesha mguu wa Mwafrika kukaa bure. Leo mguu wa kushoto, kesho mkono, keshokutwa taifa zima limeegemea kiti linangoja kubadilishiwa gia! Mie nasema mbele ya kadamnasi: mguu wa kushoto usio na kazi hauna haki ya kupanda gari. Na ukishatoka huo, umebaki mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa!

Angeendelea, lakini kile chuma kilikuwa kimegonga kizingiti na hakuna aliyesikia isipokuwa mie. Felicitas alikuwa amesimama nyuma yake, kibao cha L kwapani, kamba ya katani mkononi. Fakihi akaacha kumimina. Mwenyekiti akageuka polepole, akaona kiatu kabla ya kuona uso.

— Endelea, ndugu Mwenyekiti.

— Dada Felicitas, sie tulikuwa tunazungumza kwa ujumla...

— Nimesikia. Mguu wangu ulistaafu nikiwa na miaka mitatu, hata pensheni haujalipwa. Huo ndio kupe wenu. Umepanda basi miaka sita, umekanyagwa na kila mwenye miguu miwili ya kufanya kazi, nawe Mwenyekiti ukiwemo, siku ya Sabasaba, mlango wa nyuma. Leo umepata pa kukaa, umekuwa bepari?

Mwenyekiti akasogea kando, akampisha njia. 

— Na wewe Injinia, gari likitaka Kigamboni nitalipeleka Kigamboni, siku ambayo si ya kazi. Redio, ukitaka lifti ya Pemba uje na boya. Sasa nishikieni hiki kibao nikifunge. Saa nane haingoji kijiwe.

Injinia, kwa aibu, akashika kibao. Akakishika kichwa chini, akageuziwa. Felicitas akafunga mafundo mawili, akalizunguka gari, akaketi nyuma ya usukani, mguu mmoja baada ya mwingine, wa kushoto akiuinua kwa mikono. Nami nikazunguka upande wa pili. Nilikuwa nimekwisha shika kitasa.

Ndipo akatokea bwana mmoja wa makamo, vumbi jeusi la mpingo mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshusha magogo kwa wachonga vinyago, anatafuta kahawa. Alimwamkia Fakihi shikamoo, akapewa kikombe, akajitambulisha kuwa anaitwa Albano, kwao Masasi. Akakitazama kibao cha L, akatutazama sie.

— Dada ndiye anayejifunza?

— Anakwenda kwenye majaribio, nikasema. Nasi tunamshauri.

— Vizuri. Nani kati yenu ana leseni?

Injinia akainama kutazama tairi ambalo halikuwa na tatizo. Redio, kwa maajabu ya Mungu, alizimika. Mwenyekiti alianza kukohoa, akaghairi. Basi macho yote yakanijia mie, na ya Felicitas yakiwemo, kupitia kioo kilichoshushwa.

— Kaka Lusaka?

Niseme kweli, msomaji. Lusaka nilifika, mara kumi na tisa, na Ndola mara mbili. Nilifika juu ya turubai. Nilikuwa utingo. Nimefunga mizigo, nimepiga jeki usiku wa mvua Mikumi simba wakinguruma, nimesukuma lori mlima Kitonga. Kiti cha dereva nilikifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka tisa, wala sikuwahi kukalia kiti cha dereva cha gari lolote mpaka siku hiyo.

— Dada, nikasema, mie leseni sina.

— Tangu lini huna?

— Tangu nizaliwe.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alitazama saa yake ya mkononi, ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini na mbili, akanyanyua macho yakanipita kama nguzo ya umeme.

— Na wewe kaka Albano?

— Ninayo. Ya magari makubwa, mwaka wa kumi na moja huu.

— Nina dakika ishirini na mbili. Nisaidie.

Albano akaweka kikombe, akafungua mlango, akaketi. Kisha akaona miguuni mwa dereva. Akachungulia. Akahesabu. Nikamwona anashusha tena mguu mmoja nje, taratibu, kama wale wote waliotangulia.

— Lakini dada... gari hili halina klachi! Mie ni mtu wa lori. Nitakuelekeza nini humu?

— Nataka leseni yako, si mguu wako. Nyamaza, ufunge mlango.