Polepole, Fundi wa Laini Kubwa Aliyekubali Kupimwa

Mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Polepole, alikuja duniani alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Shule alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mpira ukikwama juu ya paa mwalimu alimwita yeye, naye alipanda bila haraka kama mtu anayekwenda kulala. Jina likamganda.

Mwaka 1976 aliajiriwa kwenye laini kubwa za umeme, zile zinazovuma, ambazo ukipita chini yake vinyweleo vya mikono husimama.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Polepole alitumwa kufunga waya kwenye nguzo mbele ya chumba cha ushonaji, na asubuhi nzima hakushuka. Mama mkwe mtarajiwa akauliza, "Huyu anafunga waya au anatuchungulia?" Walioana tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu. Waliosema watu wa umeme hawazai walikuja wenyewe kuwapakata.

Mwaka 1994 madaktari walianza kufuatilia afya ya mafundi wa laini. Kila mmoja alipewa kipimo kidogo cha kuvaa mkandani, cha kupima umeme unaosambaa hewani kutoka kwenye nyaya. Mafundi wakakubaliana kuviacha garini wakipanda na kuvivaa tena wakishuka, maana atakayeonekana amepigwa sana na umeme huo angeondolewa kwenye laini. Mke wake, akifua nguo za kazi, akauliza.

"Baba, mkanda umechakaa, kipimo kinang'aa. Kinakaa wapi?"

"Garini."

"Basi gari litatibiwa. Na wewe je?"

"Wakiona namba kubwa watanipeleka stoo nikahesabu misumari."

"Kahesabu. Mjane wa misumari bado sijamsikia."

Kesho yake alimweleza daktari ukweli mbele ya wenzake. "Umetuuza," walimwambia. Akajibu, "Nimejiuza mwenyewe kwanza." Alikivaa, namba ikawa kubwa, akashushwa kufundisha vijana chini. Aliumia. Jioni alikaa mlangoni akitazama nguzo, na mkewe alikaa naye akishona vifungo. Wenzake walimnunia karibu mwaka mzima, kisha mmoja mmoja wakaanza kuvaa vyao.

Alistaafu mwaka 2014, lakini kupimwa hakuacha. Ndipo mwaka 2019 ugonjwa wa damu ukaonekana mapema, kabla hajahisi chochote. Watoto walimbana daktari: ni nyaya? Daktari akasema, "Kwa mtu mmoja siwezi kujua. Ndiyo maana tunafuatilia wengi, miaka mingi." Mgonjwa akacheka. "Basi mimi uniandike vizuri."

Matibabu yalimpa miaka ambayo familia haikuitarajia. Alimbeba kitukuu. Alifariki nyumbani tarehe 2 Machi 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tunawashukuru wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliochangia damu, wakiwemo wale wale waliomnunia.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na vijana aliowafundisha, ambao wote mwezi huu wamekwenda kupimwa bila kusukumwa.

Apumzike kwa amani, na walio juu ya nyaya leo wateremke salama, wazeeke.