Ngamia Waliohesabiwa

Bare, zima hiyo redio. Deka, niinue kidogo. Sikilizeni wanangu, wala msiniambie nipumzike, maana uchovu huu kulala hakuuponyi, na pumzi niliyobakiwa nayo nina kazi nayo.

Nyumba hii ya Galbet mgawane kwa sheria, maalim anajua mafungu. Mbuzi walioko Takaba msiwauze kabla ya mvua. Hayo ndiyo mepesi.

Zito ni Mwikali, yule mwalimu wa kompyuta kutoka Ukambani mliyekuwa mkimwita habaryar, kama mama yenu mdogo. Mimi nilikuwa mjane mwenye kibanda cha simu, yeye ana kompyuta moja nzito kama jiwe la kusagia, na mwaka wa elfu mbili na moja tukaanzisha soko la ngamia kwenye intaneti, ili mtu wa Nairobi amwone mnyama kabla ya kutuma lori. Watu walitucheka, eti tunauza picha. Upepo ukivuma laini inakatika. Picha moja ilipanda tangu asubuhi hadi adhuhuri, ikifika shingoni mwa ngamia inakwama, tunaanza upya. Wallahi tulichoka, lakini tulichoka pamoja.

Wanunuzi wakataka kujua kila mwenye mali ana ngamia wangapi. Mwikali mgeni, lakini adabu alikuwa nayo, akaniuliza kama huku watu huhesabiwa mifugo yao. Mimi, niliyechapwa na baba kwa kunyooshea zizi kidole na kuhesabu, maana kwetu mali ikihesabiwa huandamwa na balaa, nikamwambia aandike. Tamaa, wanangu. Nikamtajia ngamia wa mzee Dekow, arobaini na mmoja.

Miezi miwili baadaye maradhi yakaingia kwa Dekow, wakabaki saba. Wazee wakaja kibandani kuuliza nani aliwahesabu. Mwikali akanitazama, akaningoja. Nami nikainama, nikajifanya kamba ya kiatu imelegea.

"Ni mimi," akasema.

Akaondoka na basi la asubuhi, na mpaka leo sokoni jina lake hutajwa pamoja na laana. Uhai na mauti ni vya Mungu, si vya kompyuta, lakini ule uongo ulikuwa wangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami wake niliuona mwepesi, kumbe ni wangu aliobeba.

Juzi Deka alinifungulia lile soko kwenye simu yake. Nilidhani lilikufa zamani. Lipo. Idadi zote zimefutwa, imebaki picha moja ya ngamia, ile iliyokwama shingoni, na chini yake majina mawili, langu na la Mwikali, langu likitangulia. Kuna mtu amekuwa akililipia kila mwaka lisifungwe, na si mimi.

Basi Bare, siku ya mnada wa mifugo simama mbele ya wana wa Dekow, sema mama yangu Weris ndiye aliyehesabu. Usipambe. Wakikutukana, pokea. Mkinisifu matangani kabla ya hilo kusemwa, mtakuwa mmenizika na uongo wangu.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Mungu awape mvua, na awape ulimi usioogopa... Maji kidogo. Inatosha.

Deka, namba ya Mwikali iko pale pale chini ya majina. Piga. Sasa hivi, mwanangu, kisha niwekee sikioni... Na sauti ikinikatika, usimweleze mengi. Mwambie kamba haikuwa imelegea.