Bi Mapengo na Siku Kumi na Tisa

Tarehe thelathini Juni, binti yangu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi hii ya mito. Kwa kawaida maneno haya huandikwa na mwenzake wa kazini. Safari hii wenzake wameniomba mimi mama yake, niliyeishia darasa la nne, na hawakukosea: nani anamjua kunishinda?

Kazi yake, kwa wasioijua, ni kukadiria mto ukifura utapitisha maji kiasi gani, ili mafundi wajue daraja liinuliwe hadi wapi. Huanzia kwenye madaftari ya mvua. Daftari likiwa na mapengo, hesabu nzima huenda upande.

Mwaka wake wa sita aliletewa hesabu za daraja la sokoni atie sahihi tu. Akaona daftari la kituo cha mlimani lina siku kumi na tisa zisizoandikwa, na mtu amezijaza sifuri, kana kwamba hapakunyesha. Akakataa kusaini. Mkuu wake akamwambia aache kiherehere, siku kumi na tisa katika miaka kumi ni kitu gani? Wakambandika jina la Bi Mapengo. Akalivaa kama nguo mpya.

Akapanda mlimani kwa miguu kumtafuta msoma kipimo cha mvua. Mzee wa watu hakuficha: mvua ikizidi, kijito kati ya nyumba yake na kipimo hakivukiki, na akija kukifikia kipimo, kimeshajaa na kumwagika, hana la kuandika. Kumbe siku zilizokosekana ndizo za mvua kubwa kuliko zote.

Hapa nami nijisifu kidogo. Nilikuwa dobi wa mashuka ya hospitali chini ya mlima huohuo, na kwenye kalenda zangu nilitia alama ya mkaa kila siku ambayo nguo hazikukauka. Sikutupa kalenda hata moja. Katika zile siku kumi na tisa, kumi na saba zilikuwa na mkaa. Alinionya nisivimbe kichwa: mkaa hausemi mvua ilikuwa kiasi gani. Kiasi alikitafuta kwenye vituo vya jirani. Makadirio ya mafuriko yakapanda kwa theluthi, daraja likainuliwa mita moja na nusu.

Miaka minane baadaye mto ulifura. Maji yakapita chini ya daraja, zikabaki shubiri tatu. Watu wa sokoni walirudi makwao kwa miguu yao. Mkuu yuleyule akaniletea katoni nzima ya sabuni, akasema ni ya mama yake Bi Mapengo.

Mtaalamu huyu wa mvua amesahau miavuli saba ofisini kwenu. Ule wa bluu ni wangu.

Uani kwangu aliweka kipimo cha mvua, nami hukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Siku hizi magoti yamegoma. Ardhi ikiloa, sitoki. Huandika "sikutoka", siandiki sifuri. Likizo iliyopita aliyaona mapengo yangu, yote ya siku za mvua kubwa. Hakunigombeza. Alihesabu tu hatua kutoka mlango wa chumba chake cha zamani hadi kwenye kipimo: kumi na moja.

Asanteni kwa kunitunzia mwanangu. Naye ustaafu wake uwe wa heri, na magoti yake yadumu kuliko yangu. Tarehe mosi Julai, saa tatu, daftari litakuwa mezani likimsubiri.