Gari Lililozoea Kuteleza

Benchi letu liko mbele ya duka la matairi: ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya magurudumu mawili, chini ya bati linalovuja upande wa kushoto. Jumatatu hiyo mvua ilikuwa siku ya tatu haijakatika. Tulikuwa wanne. Fundi ndiye mwenye duka. Vipimo ni mshonaji wa mlango wa pili, aitwaye hivyo kwa sababu humkadiria mtu kiuno kabla ya kumsalimu. Breki aliendesha mabasi miaka thelathini na moja, na jina hilo alipewa na abiria. Wa nne ni mimi, na kahawa ilikuwa zamu yangu.

Jumamosi tulikwenda na gari la Breki kwenye uwanja wa mashindano, kudrifti, yaani kulitelezesha gari ubavu kwa makusudi, jambo ambalo watu wa umri wetu hawana sababu ya kulifanya. Lami ilikuwa imelowa chapachapa. Asubuhi Fundi alitufungia nyuma matairi kipara, ili mkia uchomoke kwa urahisi. Breki alilizungusha gari kama pia, Vipimo akicheka kiti cha nyuma mpaka akakosa pumzi, nami nimeishikilia kofia. Sijafurahi hivyo tangu nistaafu.

Jumatatu hakuna aliyecheka. Asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara karibu na hospitali, Breki akienda polepole, mkia wa gari ulichomoka wenyewe. Naye alipopasuliwa macho mwaka jana alimwahidi binti yake, muuguzi, kwamba siku gari litakapomponyoka barabarani atatoa ufunguo. Alimpigia simu mwenyewe. Binti angeupitia akitoka kazini. Ufunguo ulikuwa juu ya ubao, kando ya Breki, na kahawa alikuwa ameikataa.

— Si mikono yako, kaka, alisema Vipimo. Pale hospitali wanafua mashuka. Sabuni yote inamwagikia barabarani.

Fundi alipinga. Kwa maoni yake gari lilikuwa limeonja utamu. Alimjua mtu ambaye gari lake lilikwenda uwanjani mara moja tu, na tangu hapo likawa haliingii hata getini ila kwa ubavu. Vipimo akaona hiyo haitoshi. Alisema ni uzito wangu, niliyekaa kushoto Jumamosi, uliolipinda gari mgongo, akatoa utepe anipime. Nilikataa.

— Acheni, alisema Breki. Macho yalitengenezwa, mikono ndiyo imezeeka. Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Binti akafika na mwavuli, bado amevaa sare ya kazi. Alituamkia mmoja mmoja, baba mkubwa, baba mdogo, akakataa kuketi. Aliutazama ufunguo, asiuchukue. Kisha akatazama chini ya ubao, kwa muda.

— Baba, haya magurudumu mliyokalia, mbona matairi yake mapya?

Fundi aliinama akachungulia, akabaki hukohuko chini. Benchi letu lilikuwa limesimama juu ya matairi kipara tangu duka lifunguliwe. Ndiyo tuliyoyaazima Jumamosi, na mazuri ya Breki tukayasukumia chini ya ubao yashike nafasi. Jioni tulirudi tumelowa, tunacheka, tukaketi juu yake tukanywa kahawa, kila mmoja akidhani mwenzake amekumbuka. Siku mbili nzima Breki alikuwa akiendesha kwenye mvua juu ya benchi letu.

— Fundi, alisema Breki taratibu.

— Naam, kaka.

— Leta jeki.

Binti aliegemea nguzo, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Kisha akaokota ufunguo, akaufuta maji kwa upindo wa sare, akautumbukiza katika mfuko wa shati la baba yake. Breki akaninyooshea kikombe. Ubao ukaegemezwa ukutani, magurudumu yakaenda kwa mwenyewe, nasi tukaimalizia kahawa tumesimama.