Keki ya Wakwe Ilitoka Nzima

Jina la Bwana litukuzwe, akina mama na akina baba wa Temeke. Nyie mliokaa kule nyuma mmeanza kucheka kabla sijasema, maana mnanijua, mie ndiye Mama Makombo. Chekeni tu. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya keki, na sioni haya.

Ndugu zangu, keki zangu zilikuwa tamu ila zilikuwa hazitoki. Naoka kwa mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, harufu inafika mpaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nikigeuza bati, nusu inaanguka kwenye sahani, nusu inabaki imeng'ang'ania. Krismasi iliyopita wageni walikula kwa kijiko, ndipo nikapewa hilo jina. Niliomba, nikafunga. Nilifika mahali nikadhani kuna mtu ananifanyia jambo.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wangu Tumaini. Huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki. Mnajua bibi harusi anawakabidhi wakwe keki kwa mikono yake, na keki hiyo haipelekwi vipande. Shangazi yake bwana harusi alishasema kikaoni, mbele ya watu, kwamba wataona siku hiyo kama kwao binti kuna wanawake. Na unga wenyewe mnaujua siku hizi, foleni ya mgao pale duka la kaya unaianza alfajiri. Nilichopata kilitosha keki ya kujaribia na keki ya kupeleka, basi. Ile ya kujaribia ikaganda kwenye bati.

Nikaenda bombani na bati langu, nasugua kwa mchanga na majivu huku nalia. Kwetu Njombe mwanamke anatazamwa sufuria zake, zisipong'aa anasemwa kijiji kizima. Bati lile nililisugua kila nilipomaliza kuoka, mpaka ukawa unajiona uso.

Akapita jirani yangu, Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu kutoka Lindi, anayeoka keki za Idi mtaani kwetu. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama kunitazama.

"Mwanangu, hilo bati limekukosea nini? Unalichubua ngozi!"

Nikamwambia shida yangu. Akacheka mpaka akatua kikapu.

"Sufuria ya ubwabwa sugua upendavyo. Bati la keki halisuguliwi, linafutwa. Liache liwe jeusi, weusi huo ndio unaozuia keki isigande."

Ndugu zangu, kumbe nilikuwa naharibu kwa usafi wangu mwenyewe! Jioni ile Bi Mwanaidi alikaa jikoni kwangu. Tulilifuta bati kwa kitambaa, tukalipaka mafuta kidogo, tukaliweka motoni mpaka likabadilika rangi, likapoa, tukarudia. Siku ya kuoka tukapaka mafuta tena mpaka kwenye pembe, tukanyunyiza unga kiasi cha kiganja, tukaligonga ule uliozidi udondoke. Keki ilipoiva nikataka kuigeuza palepale, akanishika mkono. "Iache ipumue. Ikijitenga na ukingo, itakuja yenyewe."

Ikaja yenyewe. Niligeuza, nikasikia imetua, nikanyanyua bati, halikubaki na hata chembe. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya jikoni nikamshukuru Mungu kwa sauti, na Bi Mwanaidi akaitikia amina.

Siku ya harusi Tumaini aliibeba akapiga magoti mbele ya wakwe zake. Shangazi aliizunguka keki ile kwa macho, akauliza nani kaoka. Tumaini akajibu, "Mama yangu," akaninyooshea mkono. Maisha yake yote alikuwa akiniita dada. Mie sikumbuki kilichofuata, naambiwa nililia mpaka nikashikiliwa.

Basi wewe uliyeomba ukachoka, usimwache Mungu. Mtumaini, na ukubali kufundishwa na yeyote atakayemtuma, hata kama hasali na wewe. Mimi alinitumia jirani. Bi Mwanaidi haingii humu, ila yuko pale nje ya uzio ananingoja twende wote foleni ya sukari. Mkitoka, mpeni shikamoo yake.